Yassin Jumbe na Mzazi wa Mzee Masalu

Tarehe 30 Juni 1999 Bwana Yassin Jumbe wa Mabatini anakabidhi funguo za chumba cha kompyuta, baada ya miaka thelathini na mitatu katika shirika letu la meli. Aliingia mwaka 1966 akiwa karani wa stoo, akahamia mishahara, na tangu 1993 ni mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo hicho kilianza na yeye, kompyuta moja na feni. Feni ilikuwa ya kompyuta. Yeye alijipepea kwa gazeti.

Si mtu wa kunong'ona. Ukikosea atakusema mbele za watu, kisha atakununulia chai na kukusema tena. Tumemzoea.

Kazi iliyompa jina ni ya 1997, shirika lilipokuwa linauzwa. Mwekezaji alitaka orodha ya wafanyakazi ionyeshe nani yuko chini ya nani, kutoka Mkurugenzi hadi msaidizi wa mwisho. Asiyeonekana humo, hana kazi. Maneno hayo yalitukosesha usingizi, tusidanganyane.

Kwanza Bwana Yassin alitengeneza jedwali lenye safu moja kwa kila ngazi: mkurugenzi, meneja, msimamizi, fundi. Kila alipodhani amemaliza, huku kwetu chelezoni, meli zinapopandishwa kukarabatiwa, ilizuka ngazi nyingine. Kuna fundi, msaidizi wa fundi, na msaidizi wa huyo msaidizi. Jedwali lilipanuka hadi karatasi zake zikaunganishwa kwa gundi na kutandazwa sakafuni kantini. Mama Dorotea mpishi aliwavua mameneja viatu kabla ya kuwaruhusu wapite kulitazama.

Akalifuta lote. Jipya likawa na safu mbili tu: mfanyakazi, na mzazi wake, yaani aliye juu yake moja kwa moja. Kompyuta ingepanda yenyewe kutoka kwa mtu hadi kwa mzazi wake, na mzazi wa huyo, mpaka imfikie asiye na mzazi, ambaye ni Mkurugenzi. Ngazi ziwe tatu au kumi, jedwali halipanuki. Bwana Yassin aliitangaza akili hiyo mpaka stendi ya Buzuruga. Aliyechukia ni Mkurugenzi, aliyeandika kwa wino mwekundu kwamba mama yake yu hai, anaishi Buswelu, na aheshimiwe.

Habari za chelezo zilichukuliwa kwa simu. Msimamizi wetu, Mzee Masalu, alijitaja kuwa mzazi wa mafundi wote, na kweli alitulea. Alipoulizwa mzazi wake yeye, ilipasa amtaje Injinia Pius, kijana aliyetoka chuoni juzi tu. Mzee akasita, akajibu Mashimba. Hakudanganya, maana marehemu baba yake aliitwa hivyo. Ila alikuwa amemrithisha mwanawe jina hilo la babu, na mwana huyo alikuwa msaidizi wa fundi papo hapo chelezoni.

Basi siku ya kukabidhi orodha, kompyuta ilipanda kutoka kwetu hadi kwa Masalu, kutoka kwa Masalu hadi kwa Mashimba, kutoka kwa Mashimba hadi kwa fundi wake, na mzazi wa fundi huyo ni nani? Masalu! Ikazunguka hivyo asubuhi nzima. Wageni wa mwekezaji wanatua saa tisa, na orodha haichapiki. Utawala ukashauri chelezo iondolewe ili waliobaki wachapwe. Watu arobaini, hivi hivi tu! Bwana Yassin akasimama mlangoni, akasema hakichapwi kitu hapa, na wenye haraka waanze kumfuta yeye.

Akashuka chelezoni kwa miguu, shati limelowa, akamkuta Mzee Masalu akimwambia mwanawe, "Baba, niletee brashi." Papo hapo akaelewa, akacheka hadi akakalia pipa la rangi. Lakini Mzee aligoma kubadili jibu. Mtoto wa juzi awe mzazi wake, naye kaburi la baba yake analijua? Lahaula! Hapo Bwana Yassin, ambaye hajawahi kukubali kosa hata la kumwaga chai, alikubali kwamba neno lile ndilo baya. Alilifuta akaandika "anaripoti kwa". Mzee Masalu hakuwa na ubishi tena: kuripoti kwa Injinia Pius anaripoti kila asubuhi, na marehemu hahusiki.

Akaiamuru pia kompyuta ikimkuta mtu yule yule mara mbili isimame na kuandika UMESHAPITA HAPA. Orodha ilichapwa ndege ikiwa angani. Chelezo yote ilikuwemo.

Mashimba sasa ni fundi kamili. Mimi bado napaka rangi, na binti yangu Selina yuko sekondari kwa kazi hii hii. Wenzangu wameniagiza niseme mapema: siku ya sherehe viti vya mbele tutakaa sisi wa chelezoni, na mameneja watafute pengine.

Bwana Yassin, Mungu akujalie afya, miaka mingi na mapumziko matamu pamoja na Bi. Moza. Tunakushukuru kutoka moyoni. Sisi tulikuwa tumeshafutwa, wewe ukakataa.

Justa Maige, Chelezoni