Matapeli Wawili na Kiti Kimoja

Fundi cherehani alikuwa amesimama ndani ya basi, kashika bomba, akiwasikiliza wanawake wawili wasiojuana wakibishana. Wote walikuwa wameiona filamu ileile kwenye runinga jana: matapeli wawili wa kike, mkongwe na chipukizi, wanazidiana ujanja katika hoteli moja wakiwania mkufu wa tajiri.

“Chipukizi alimweza,” alisema muuguzi mwenye sare. “Si aliondoka na mkufu?”

“Wapi!” alimkatiza bibi mwenye mkongojo, ambaye fundi alikuwa amempisha kiti vituo vitatu nyuma. “Kukwapua mkufu hata kibaka anaweza. Mkongwe je? Anakuliza, na wewe mwenyewe unamshukuru. Huo ndio utapeli, mwanangu!”

“Bibi, mkufu ni mkufu.”

“Na heshima ya kazi?”

Fundi alicheka mpaka akasahau miguu iliyokuwa ikimwaka moto. Hapo basi likasimama. Bibi akainuka, akaubana mkongojo kwapani kama mwavuli, akashuka ngazi mbilimbili na kutokomea chapuchapu.

Fundi akajitupa kitini huku bado anacheka, kisha akakumbuka: alipokuwa akimpisha, bibi alimsifia malezi yake mema, naye akajibu asante.