Mikono ya Shati la Bluu

Kibanda changu cha chai kinatazamana na geti la kiwanda cha nguo, hapa Ashulia, na benchi langu lina miguu mitatu na tofali moja. Saa saba mchana, kiwanda kikitoka kula, wenye benchi wanajulikana. Yupo Makasi, fundi mstaafu wa kukata vitambaa. Mashine ilimla vidole viwili, mdomo ikamwachia mzima. Yupo Pasi, anayenyoosha mashati ghorofa ya tano na kushuka kalowa kama kaogelea. Na yupo Waziri, jina lake halisi Jobbar, dereva wa gari la mizigo la kiwanda. Tumempa uwaziri kwa sababu hakuna jambo la wakubwa asilolijua. Siku hiyo nilikuwa bado namimina maziwa ya kopo, akaja dada Anjuara, karatasi mkononi, macho mekundu. Kazi yake ni kubandika namba. Kila kipande cha kitambaa kikishakatwa anakibandika kikaratasi, ili mikono na mwili wa shati moja vifike kwa mshonaji pamoja. Miaka tisa anabandika.

— Wanataka nisaini kwamba nimechanganya namba, akasema. Mashati elfu kumi na nane, mikono ina bluu yake, mwili una bluu yake. Mkaguzi wa mnunuzi kayakataa yote.

— Ukisaini? nikamuuliza.

— Leo hii niko nje, na miaka yangu tisa imekwenda hivyo hivyo. Nisiposaini, wanasema nimehujumu, wataita polisi. Wamenipa mpaka filimbi ya saa nane.

— Usisaini hata nukta! akafoka Makasi, chai ikamwagika. Mbwa hawa! Mimi nimekata miaka ishirini na sita, najua ugonjwa uko wapi. Ni taa! Wanunuzi wana kile kisanduku chao cha taa cha kukagulia rangi. Ukiweka shati jeupe mle linatoka na kosa.

— Taa gani, mzee? Pasi akadakia. Ni maji! Hamuuoni mto wetu? Ulaya wakitaka zambarau, mto zambarau. Wakitaka kijani, mto kijani. Unatia kitambaa kwenye maji ambayo hayajui leo ni rangi gani, unategemea nini?

— Nyie mnahangaika na vitu vidogo, Waziri akasema, kakunja nne. Baridi haijashika huko kwao mwaka huu. Maghala yamejaa. Wanatafuta kisingizio wasiyachukue, basi.

— Shati la bluu la mikono mirefu na baridi wapi na wapi? nikamwambia.

— Wewe chemsha chai. Au ni hewa ya chumvi. Meli ikiwa baharini, mikono inakaa nje ya mkunjo, inapauka.

— Meli! Pasi akapiga paja. Waziri, mashati hayajafika hata kwenye pasi yangu! Yamekamatwa ghorofa ya nne, hayajaona boksi, we unayapandisha meli!

— Basi wapelelezi, Waziri akasema haraka. Kuna nchi zinataka kutunyang'anya oda. Wanamtuma mtu, anajifanya fundi umeme, anabadilisha taa moja tu...

— Si nimesema taa! Makasi akashangilia.

— ...na kule juu satelaiti inapiga picha.

— Inapiga picha mikono ya shati?

— Nyie mnacheka. Mtakuja kuniambia.

Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Anjuara hakucheka. Alikuwa anaitazama ile karatasi kama inaweza kubadilika ikitazamwa sana. Ikabaki robo saa filimbi ilie.

Kando ya kibanda kulikuwa na mwendesha riksha aliyeegesha ili apate chai. Mgeni, wiki yake ya kwanza huku, lafudhi ya kaskazini, jina Tofazzal. Alikuwa anachovya biskuti zake kimya kimya. Akainua kichwa.

— Samahani, dada. Hilo shati lenyewe liko wapi?

Nusu saa tunalijadili shati, hakuna aliyeomba kuliona.

Anjuara akatazama getini, kisha akalitoa chini ya ushungi. Mlinzi wa kike aliyempekua alikuwa kaligusa kabisa, akasema, pita. Akalikunjua juani. Jamani! Ndani ya kiwanda, chini ya zile taa ndefu, alisema, lilikuwa bluu moja. Hapa juani mwili ulikuwa bluu ya anga, mikono bluu nzito ya sare ya shule.

Tofazzal akafuta vidole, akaligeuza nje ndani. Vikaratasi vilikuwa bado vimeng'ang'ania kwenye mshono.

— Mimi nasoma namba tu, akasema. Hapa mwilini, mia nne na saba. Mkono huu, mia nne na saba. Na huu, mia nne na saba. Sasa dada amechanganya nini?

Makasi akalinyakua shati, akalisugua kwa vidole vyake vitatu. Uso ukambadilika.

— Hiki si kitambaa kimoja, akasema polepole. Mwili ni pamba nzito, ile tunayoletewa kwa meli. Mikono ni nyepesi, ya hapa hapa mjini. Kitambaa kilipungua, wakajazia! Wakanunua rahisi, wakakata mikono, na sasa wanamtafuta mtu wa kumbebesha!

— Na kitambaa cha mikono, Tofazzal akauliza, alikileta nani?

Pasi akatazama kandambili zake. Makasi akatazama shati. Waziri, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la mbinguni, akawa anatazama ndani ya kikombe.

Na mimi? Mimi nilikuwa najua. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, kiwanda kimefungwa kwa mapumziko, gari la kiwanda lilisimama hapa hapa limejaa majora ya kitambaa yaliyofunikwa turubai, na dereva wake aliagiza chai mbili na sambusa. Niliona, nikakaa kimya, kwa sababu geti lile ndilo linaloninunulia sukari. Nikajichukia, nikaliweka birika chini.

— Jobbar, nikasema. Ile Ijumaa. Turubai la kijani.

— Mimi naendesha tu! akaruka. Napewa funguo, napewa anwani! Nina watoto wanne, mnataka nifanyeje?

— Na mimi ninao wawili, Anjuara akasema.

Akaiweka karatasi juu ya benchi mbele ya Jobbar, kalamu juu yake.

— Andika hapo nyuma, kaka Jobbar. Siku, na ulikoyachukua. Mistari miwili tu.

Waziri aliitazama ile kalamu mpaka filimbi ikalia. Hakuigusa. Anjuara akachukua karatasi yake, akalivaa shati juu ya nguo zake, kifungo kwa kifungo, vikaratasi vya namba vikiwa nje kila mtu avione, akashika njia ya getini. Nikazima jiko, nikafunga kitambaa changu kiunoni. Pasi alikuwa tayari amesimama. Makasi pia, ingawa hana hata ruhusa ya kukanyaga mle ndani.

— We muuza chai, unakwenda wapi? Waziri akaniita. Niongezee kikombe.

— Chai imekwisha, nikamwambia, na birika lilikuwa limejaa.