Mama Ndoo na Mistari Iliyokatwa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba. Viongozi mlioambatana naye. Wasomaji na majirani wa jengo hili:

KARIBU

Sisi wanakikundi wa Chumba cha Nyuma tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viti ni vya kuazima, kwa hiyo hicho cha kijani usikiegemee sana.

Kabla hatujaendelea, tukueleze jambo moja. Programu tunazotumia hazina siri. Yeyote anaweza kuzifungua, kuzinakili na kuzirekebisha, mradi aonyeshe palikuwa na nini, sasa pana nini, na nani amebadilisha. Kwenye maandishi pia tunafanya hivyohivyo. Risala hii ilipitiwa na ofisi ya utumishi Alhamisi iliyopita, ikarudi na wino mwekundu. Utatuwia radhi tukisoma yote.

HISTORIA

Kikundi kilianza miaka sita iliyopita, watu wanne na mashine moja ya gemu iliyookotwa stoo. Kaseti ya gemu ikigoma, tulikuwa tunaichomoa, tunaipuliza kwa nguvu zote, tunairudisha. Mfagiaji wa jengo, ambaye kila mtu humwita Mama Ndoo, alituvumilia wiki mbili. Siku ya kumi na tano akaweka ndoo chini.

"Hivi nyie, mnapuliza nini humo? Mate yenu hayo ndiyo yanayoleta kutu!"

Akachukua pamba na spiriti, akayafuta meno ya shaba ya ile kaseti, akairudisha. Gemu ikawaka. Tuliona aibu, watu wazima na vyeti vyetu. Tangu siku hiyo akawa mwanakikundi wa tano, na mengi tunayoyajua kuhusu mashine kuukuu tumejifunza kwa kuitazama mikono yake.

MAFANIKIO

Tumefufua kompyuta kumi na tisa na mashine za gemu ambazo tumeacha kuzihesabu. Kubwa kuliko yote ni hiyo iliyo mezani mbele yako, yenye orodha ya vitabu vyote vya maktaba hii. Mwezi wa pili ilizima ghafla. Fundi aliyeletwa aliitazama akiwa amesimama, akasema, "Hii ya kutupa."

Palikuwa: "Mama Ndoo aliifungua, akaona kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba, akatoa nzima kwenye mashine ya gemu iliyokufa, akazichomelea, na orodha ikarudi yote."

Sasa pana: "Kompyuta ilirejea katika hali yake."

Aliyebadilisha: ofisi ya utumishi.

CHANGAMOTO

Palikuwa: "Mama Ndoo amefukuzwa kazi kwa kufungua mali ya ofisi bila kibali. Alipoulizwa nani kamtuma, alijibu: Niliajiriwa kusafisha, na ndani nako kulikuwa kuchafu."

Sasa pana: "Kuna upungufu wa watumishi."

Aliyebadilisha: ofisi ya utumishi.

Upungufu upo kweli. Vioo vya madirisha umeviona ulipoingia, havijafutwa tangu aondoke. Lakini na sisi tuna kosa letu, ambalo hakuna aliyelikata kwa sababu hatukuwa tumeliandika. Siku alipoitwa ofisini, sote tulijua ukweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda naye. Kila mmoja alijitia ana shughuli. Inatuuma mpaka leo.

MAOMBI

Palikuwa: "Tunaomba Mama Ndoo arudishwe kazini."

Sasa pana: "Tunaomba feni."

Aliyebadilisha: mnamjua.

Feni tunaihitaji, hatukatai, chumba kinachemka. Ila kama ni lazima tupate kimoja, basi jasho tutaendelea kulifuta wenyewe.

Mgeni rasmi, tunakuombea afya, nyumba yenye amani, na mashine isiyozima katikati ya kazi.

Ni sisi, Kikundi cha Chumba cha Nyuma.

Limebaki badiliko la mwisho.

Palikuwa: "Msomaji wa risala: katibu wa kikundi."

Sasa pana: "Msomaji wa risala: Mama Ndoo."

Aliyebadilisha: sisi sote, leo asubuhi, mlangoni.

Ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Kalamu iko mezani, kando ya kompyuta. Ukitaka kubadilisha chochote, andika, na uweke jina lako.