Doa Kwenye Ubavu Wangu

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, aliyenipa tena pumzi ya matundu yote mawili ya pua. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nimeandika. Mtanivumilia nikisoma polepole.

Tundu langu la kushoto lilianza kuziba mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa. Nikiinama kuchuma pamba, damu ilidondoka juu ya pamba nyeupe. Wenzangu wakaniita Mzee Kamasi. Mganga alinichanja chale, haikusaidia. Hospitalini walikata kinyama kidogo, wakasema ni uvimbe wa aina wasiyoiona mara nyingi. Baba akanipeleka Dar es Salaam.

Daktari wa huko alitueleza taratibu. Uvimbe ukiwa puani tu, watautoa. Ukiwa umeshafika kwenye mifupa ya mbali, hawatapasua. Ili kujua, nitachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Dawa hiyo hukusanyika pale mfupa ulipo na shida, na mashine hupaona.

Akaniuliza, "Umewahi kuvunjika mfupa?"

Baba alikuwa ameketi karibu yangu. Nikajibu, "Hapana."

Nililala chini ya mashine bila kutikisika. Haikuuma. Baadaye daktari alitazama picha: doa moja puani, na jingine ubavuni. Akamwambia baba, "Mzee, nina wasiwasi umeshasambaa." Baba aliuliza tu treni ya kurudi inaondoka siku gani.

Hapo ndipo nilipoomba, ndugu zangu. Maombi yalikuwa mafupi: Bwana, nifungue mdomo.

Nikasema, "Baba, ubavu ule ni Mwenyekiti."

Daktari akashtuka. "Mwenyekiti alikupiga?"

"Ni maksai wa kijiji," baba akamweleza. "Anavuta plau, hutembea mbele ya wenzake. Na ni marufuku kumpanda."

"Nilimpanda," nikasema. "Jumapili ile niliyokuaga naenda kanisani. Alinibwaga kwenye kisiki."

Baba akanigeukia. "Wiki ile uliyolala ukasema ni malaria?"

"Ulikuwa ubavu."

"Na mimi nikakuchinjia kuku."

Daktari alinipeleka kupigwa picha ya kawaida ya kifua. Ikaonyesha ubavu uliovunjika, unaounga vizuri. "Kuku wako amefanya kazi, mzee," akasema. Wiki ile ile nikapasuliwa, uvimbe ukatoka.

Tuliporudi, baba aliniadhibu: nimswage Mwenyekiti msimu mzima wa kulima. Siku ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha. Nilisimama nyuma ya plau nikanusa udongo uliolowa, na jasho la ng'ombe. Baba aliponiona nimesimama, hakunikemea.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya madaktari na kwa mashine ile. Lakini mashine huona doa tu. Jina la doa nilikuwa nalo mimi. Ndugu yangu, kama nawe umebanwa na neno moja, mwamini Bwana, ulitoe. Mimi lilikaribia kuniua, na lilikuwa habari ya ng'ombe.