Mioyo Kumi na Mmoja ya Mzee Theuri

Kwa taadhima kubwa, na baada ya kikao cha saa mbili, uongozi wa hospitali unautangazia umma kwamba kuanzia tarehe 31 Desemba 1988, ndoano ya tatu kutoka mlangoni mwa chumba cha eksirei haitakuwa na koti. Ndoano yenyewe iko salama. Koti ndilo linaloenda nyumbani Tetu pamoja na mwenyewe, Bwana Hezekiah Theuri, mpiga eksirei wetu, aliyelitundika hapo kila asubuhi kwa miaka thelathini.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kwa maneno ya metroni wetu Bi Peris, "Kahiga, wewe ndiye uko na maneno mingi na kazi kidogo." Mimi ni afisa wa kliniki. Nimefanya kazi na Mzee Theuri miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo ameniona nikikosea mara nyingi kuliko mke wangu, ambaye angalau huenda shambani akapumzika.

Aliajiriwa mwaka wa 1958 kufagia chumba cha giza, kile cha kuoshea filamu. Alifagia huku akitazama, akatazama huku akiuliza, hadi Mzungu aliyekuwa na mashine akachoka kujibu na kuanza kumfundisha. Mwaka wa 1964 Mzungu alifunga virago, akamwachia funguo. Hospitali ikampeleka Nairobi kusomea kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya. Alirudi na cheti, miwani, na tabia ya kusahihisha kila mtu. Cheti kililiwa na mchwa, miwani ilikaliwa na mgonjwa kutoka Karatina. Tabia ingali nzima.

Wagonjwa wanamjua kwa sauti. "Vuta hewa. Shika hapo hapo. Ukipumua utajipiga picha mwenyewe." Amewaambia hivyo machifu, wachungaji, na mwalimu mkuu mmoja aliyetaka kupigwa picha akiwa na tai. Siku zile za mwanzo, akina mama walikuja eksirei wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Nyanya mmoja wa Othaya, Wakonyo, alikataa katakata kurudisha filamu yake. Aliitundika dirishani, na wageni wakija huwaambia, "Huyu ni mimi kwa ndani."

Sasa nifike kwenye mambo ya Julai 1978, ambayo taarifa zetu za kila mwaka huyataja kwa fahari na kwa uongo.

Mwezi huo ulikuwa wa baridi na ukungu, na homa ya mafua iliangusha watu kutoka Mweiga hadi Mwea. Wengi walipona kwa uji na blanketi. Wachache walirudi wiki mbili baadaye wakilalamika kwamba wanahema wakipanda ngazi. Daktari wetu alikuwa ametuonya juu ya hilo: mara nyingine virusi vya mafua vikiisha kifuani huacha uvimbe kwenye misuli ya moyo. Misuli ikishavimba hulegea, na moyo hutanuka kama kiondo kilicholowa. Wakati ule hatukuwa na mashine ya kuuona moyo ukipiga. Tulikuwa na eksirei, rula, na mimi.

Nilipima. Moyo wa kwanza, mkubwa. Wa pili, mkubwa. Kufikia Ijumaa nilikuwa na mioyo kumi na mmoja mikubwa, na nilikuwa nikitembea wodini kwa mwendo wa mtu atakayealikwa kuhutubia Nairobi. Nililaza wote kumi na mmoja, nikawakataza hata kujichania nywele.

Mzee Theuri alikuja na filamu mkononi. "Daktari," akasema, na anaponiita daktari najua natukanwa, "hii moyo yote imekuwa kubwa wiki moja? Ama Nyeri imeanza kupenda watu?"

Nilimwambia picha ni zake, kusoma ni kwangu.

"Na kifua umepima?"

Sikuwa nimepima kifua. Moyo hupimwa ukilinganishwa na upana wa kifua, haupimwi peke yake. Hilo nililijua tangu chuoni, lakini rula yangu ilikuwa fupi na mchana ulikuwa mrefu.

Hakubishana. Alimwita Nyaga, soja wa lango, mtu ambaye hajawahi kuugua kitu ila njaa, akampiga picha. Moyo wa Nyaga ulitoka mkubwa kuliko yote. Nyaga alipoelezwa aliketi chini palepale, akaomba aitiwe mchungaji. Ndipo Mzee Theuri alipochukua futi kamba na kupima toka mashine hadi ubao wa filamu. Inatakiwa futi sita. Zilikuwa nne na kidogo. Mashine ikisogea karibu, kivuli cha moyo hukua, kama vile mkono ukisogezwa karibu na taa unavyojaza ukuta.

Wakuu walikutana. Msimamizi wa hospitali wakati huo, Bwana Mworia, aliuliza ni nani aliyeiweka mashine pale. Mzee Theuri akajibu, "Niliiweka mimi." Aliandikiwa barua ya onyo kwa uzembe. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa idara ilipotokea, barua ile ilisomwa kwanza, na akaletwa kijana kutoka Nairobi ambaye Mzee Theuri alimfundisha kazi kwa miezi minane kabla ya kuanza kumwita bosi.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na wagonjwa. Mimi, kwa aibu, nilifanya kile ambacho mtu mwenye aibu hufanya: nikaharakisha. Nikawaruhusu wote kumi na mmoja siku hiyo hiyo, bila kupigwa picha upya, nikiwaambia wana mioyo mizuri ya Kikristo. Mzee Theuri alitaka warudiwe. Bwana Mworia akasema filamu zimeharibiwa za kutosha.

Basi akaketi na zile filamu kumi na moja na rula ndefu ya fundi seremala, akapima kila moyo pamoja na kifua chake. Kumi zilikuwa kubwa pande zote, moyo na kifua, kama picha iliyovutwa tu. Moja ilikataa. Moyo ulikuwa umevuka nusu ya kifua kwa kiasi ambacho hata futi nne zisingeeleza. Ulikuwa wa Murugi, mama wa miaka ishirini na minane, muuza mchele wa Kagio, mwenye mtoto wa kunyonya.

Jumatatu koti halikuwa ndoanoni. Mzee alikuwa amepanda basi la asubuhi la Kagio bila ruhusa. Alimkuta Murugi sokoni, ameketi juu ya gunia lake kwa sababu kusimama kulimshinda, miguu imevimba, midomo ina rangi ya zambarau mbivu. Murugi mwenyewe amenisimulia walivyoongea.

"Baba Wangechi, nyinyi si mlisema niko sawa?"

"Tulisema. Sasa twende."

"Na huu mchele nimwachie nani?"

"Mwachie huyo jirani anakuibia kila siku. Leo aibe akikuangalilia."

Alimpiga picha jioni ile, futi sita kamili, bila karatasi ya mtu yeyote. Moyo ulikuwa mkubwa vilevile. Daktari alisema angeendelea kubeba magunia wiki moja zaidi, mtoto wake angelelewa na nyanya. Alilala kwetu miezi mitatu. Kila mwezi Mzee Theuri alimpiga picha, akaipanga pembeni mwa ile ya kwanza, na kila mwezi kivuli kilirudi nyuma kidogo, hadi moyo ukatosha tena ndani ya nusu yake. Barua yake ya onyo ikaongezwa aya mbili: kutoroka kazini, na kutumia filamu bila idhini.

Miaka miwili iliyopita tulipata mashine ya mawimbi ya sauti, inayoonyesha moyo ukipiga. Murugi alikuja kuijaribu. Mzee Theuri alikuwa ameisema vibaya wiki nzima, ati ni televisheni yenye mvua. Alisimama akatazama zile kuta za moyo zikifunga na kufunguka. Kisha akasema, "Hapo sasa hata Kahiga hawezi kukosea," akaenda kunywa chai.

Taarifa zetu husema kwamba Murugi aliokolewa na "umakini wa hospitali." Haikuwa hivyo. Na kuhusu mashine ya eksirei iliyosogea, ukweli ni huu. Mnamo Julai 1978 tulikuwa tukimngoja mgeni rasmi kutoka Nairobi. Kamati ya mapokezi iliagiza sakafu zote zipakwe nta nyekundu. Mzee Theuri alikuwa na mstari mweupe sakafuni, uliopakwa rangi na mikono yake, wa kuonyesha futi sita. Wafagiaji waliambiwa waukwangue kwa kuwa unaharibu sura ya sakafu. Kisha, ili wageni wasikanyage nta mbichi, kamati ikachora mstari mwingine mweupe, wa kuwasimamisha, karibu zaidi na ubao. Mzee Theuri aliporudi kutoka likizo ya siku mbili aliiweka mashine kwenye mstari mweupe, kama alivyofanya kila siku.

Mwenyekiti wa kamati ile nilikuwa mimi. Mstari niliuchora mimi, kwa brashi ya kuazima, na nilikuwa nimeketi kikaoni aliposema, "Niliiweka mimi." Aliujua mwandiko wa brashi yangu. Nilipomfuata nje alisema, "Wewe uko na watoto wanne shule. Mimi niko na Wangechi peke yake. Rudi wodini." Nikarudi, na nikanyamaza miaka kumi.

Leo asubuhi nimempelekea msimamizi wa sasa maelezo haya kwa maandishi, yenye sahihi yangu, yawekwe kwenye faili ya Mzee Theuri mbele ya ile barua. Nimechelewa kwa cheo na kwa mshahara alivyokosa, na hilo siwezi kulirudisha. Mzee wetu, asante kwa basi la Kagio. Nenda salama Tetu, kahawa yako izae, na magoti yakuruhusu kuichuma.