Bi. Glenys Tranter, Aliyekataa Kusaini

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, Bi. Glenys Tranter anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya Klabu ya Ndege ya Wirrabool. Kamati imeniomba mimi, Kerrod Maddern, niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye chakula cha kumuaga. Nadhani wengine wote walikuwa na shughuli.

Aliajiriwa mwaka 1990 kurekebisha vipimo vya ndege, na baadaye akawa mkaguzi. Tangu hapo hakuna chombo kilichotoka bandani bila saini yake, na saini hiyo haijawahi kutoka kirahisi. Amekagua ndege zaidi ya mia tatu na kuharibu wikendi zisizohesabika. Kwa muda wote huo klabu yetu haikupata ajali hata moja ya kusimuliana baa, na lawama zote ni zake.

Wageni huambiwa mapema kwamba skonzi zake ni ngumu na majibu yake ni magumu zaidi. Rubani mmoja aliwahi kumletea maua yenye kadi ili ndege yake ipite ukaguzi haraka. Maua yalipokelewa, ndege ikarudishwa bandani, na siku iliyofuata yule bwana akakuta orodha ya kasoro kumi na moja imeandikwa nyuma ya kadi yake mwenyewe.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka 2017 nilimaliza kuunda ndege ya betri, ya kiti kimoja, kazi ya miaka minne kwenye gereji yangu. Nilikuwa nimetangaza hadi redioni kwamba Jumamosi ningeruka kwenda maonyesho ya kilimo ya Tallanga, dakika ishirini na mbili juu ya msitu wa mikaratusi. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha mkondo wa umeme. Kwa kuwa mimi ni mtu wa akili nyingi, nilikichomoa kwenye karavani ya mke wangu, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari. Kilikuwa kimepima umeme wa friji na taa kwa miaka mitano bila malalamiko, basi ndege ingekishinda nini?

Tuliifunga ndege mkia kwenye trekta ya kukatia nyasi, nikawasha mota hadi mwisho. Kioo kilisoma ampea mia mbili, kikatulia hapo hapo, hakitikisiki. Betri yangu ingetoa mia mbili kwa nusu saa nzima. Nilijipongeza kwa sauti, mbele za watu.

Bi. Glenys hakupongeza. Alichukua mita yake ya mkononi, akaishikiza kwenye ncha mbili za kile kipande cha shaba ambacho umeme wote hupitia, akasoma vivolti vyake vidogo, akapiga hesabu kiganjani kwa kalamu. Kisha akaniambia nizime kila kitu, akachota siagi kwenye skonzi yake na kuipaka juu ya shaba. Ikayeyuka yote; umeme wa ampea mia mbili usingeipasha shaba kiasi hicho.

"Mia nne na ishirini," akasema. "Kipimo chako kinajua kuhesabu hadi mia mbili tu, Kerrod. Zaidi ya hapo kinakaa kimya. Betri yako ni ya dakika kumi na nne, na hilo jumba lako ni zito, litataka nguvu zote njia nzima. Hupandi."

"Mama, watu wananisubiri kule."

"Usiniite mama. Mama yako angekuzuia mapema, ungali gereji."

Akafunga kalamu akaenda kunywa chai. Nilimnunia wiki sita, kwa ukomavu wa mtu wa miaka arobaini na tatu. Yeye aliendelea kunisalimia kila asubuhi, jambo lililozidi kuniudhi.

Kitu ambacho sijamwambia mtu ni hiki. Jumamosi ile nilikwenda Tallanga kwa gari, nimevimba kwa hasira, kwa ile barabara inayokata msitu chini ya njia ambayo ningeruka. Nilikuwa na ramani yangu ya safari kitini. Nilipofika pale ambapo ndege ingekuwa dakika ya kumi na nne, nilisimamisha gari nikashuka. Pande zote ni miti, mirefu, imebanana, na hakuna uwazi wa kutosha hata kuanika shuka. Binti yetu alikuwa na miezi mitano. Nilikaa juu ya boneti, na sikufika kwenye maonyesho.

Miezi minane baadaye nilifunga kipimo cha ampea mia sita, nikapunguza uzito wa ndege, nikaongeza betri. Bi. Glenys alipima tena mwenyewe, akasaini, akasema rangi ya ndege ni mbaya. Nimeruka nayo mara mia moja na tisa.

Kwa niaba ya klabu, tunamshukuru kwa kila wikendi aliyotuharibia. Apumzike, alime nyanya zake, azikague apendavyo. Bi. Glenys, tunakuombea maisha marefu na yenye raha. Ya kwangu, uliyoyaokoa kwa kukataa kusaini, yameketi meza ya pili pamoja na binti wa miaka minane, na baada ya chakula yatakuja kukushika mkono. Nimechelewa miaka saba. Asante.