Boliti ya Rolando: Maisha ya Fundi Evelio Cabrisas Montejo

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu na ninyi wapanda pikipiki mliokuja kutoka Matanzas na Havana, familia imempa kazi ya kusoma historia hii shemeji wa marehemu, Fermín Oquendo, kaka wa mke wake Nereida, ambaye angependa kazi hii apewe mtu mwingine yeyote.

Marehemu Evelio Cabrisas Montejo alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Cárdenas, akiwa mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha akajifunza ufundi wa vyuma mjini Matanzas na kuhitimu Julai 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika karakana ya kiwanda cha sukari, ambako fundi mmoja mzee alimfundisha kuchovya chuma ndani ya beseni la tindikali na kukipaka nikeli na kromu kwa umeme.

Kazi hiyo ndiyo mliyomjua nayo. Pikipiki za Kimarekani za kabla ya mapinduzi, ambazo vipuri vyake havijaonekana dukani tangu wengi wetu tuzaliwe, zilimfikia zikiwa kutu tupu, naye akazirudishia ngozi yake, taa, vifuniko, mabomba ya moshi, mpaka watu wakampa jina la Kioo, kwa sababu ungeweza kunyoa ndevu mbele ya tangi lake. Alikuwa mkali, jamani! Mtu akitaka kromu kwenye kipuri kilichotoka kiwandani na nikeli, alimrudishia mkononi na kumwambia, "Unataka pikipiki au kijiko cha harusi?"

Tarehe 20 Desemba 1971 alifunga ndoa na Nereida, dada yake msomaji huyu, wakajaliwa watoto wawili, Rolando mwaka 1973 na Odalys mwaka 1977.

Sasa tunafika mwaka 1994. Msomaji alikuwa ameuruka katika nakala ya kwanza, lakini Agosti iliyopita marehemu, akiwa kitandani na pumzi za kuazima, alimshika mkono na kumwambia, "Fermín, ukiruka mwaka tisini na nne, nitaamka humo jenezani nisome mwenyewe," na kwa kuwa wote mnamjua, haukurukwa.

Jumamosi ya tarehe 18 Juni 1994, mkesha wa Siku ya Akina Baba, Evelio alipaka kromu boliti inayobana uma wa gurudumu la mbele la pikipiki ya Rolando, ili kijana atoke nayo kwenye msafara wa kesho yake. Mafundi mliopo mnajua kwamba chuma kigumu namna hiyo kikitoka kwenye beseni kimemeza gesi, na lazima kiokwe kwenye joto upesi, kwa saa nyingi, la sivyo kinakuwa chepesi kuvunjika huku kwa macho kinapendeza. Evelio aliiweka boliti kwenye oveni ya Nereida saa tisa alasiri, na saa tisa na nusu umeme ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila siku mwaka ule, na haukurudi.

Jumapili saa moja asubuhi Rolando alikuja akiwa amevaa shati jipya. Baba yake akamwambia asubiri umeme. "Umeme, mzee? Kwani unaoka keki? Mjomba, hebu mwambie shemeji yako wewe!" akasema Rolando, na msomaji huyu alicheka, alicheka sana, akasema boliti ni boliti. Evelio akaigeuza mkononi, ikang'aa, akasema, "Haya, chukua."

Ilikatika saa nne asubuhi kwenye barabara ya Varadero, na Rolando, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, alifariki palepale. Msomaji aliyekuwa nyuma yake katika msafara aliwaambia watu kwamba lilikuwa shimo barabarani, ikaandikwa hivyo, na kwa miaka ishirini na tisa kila mliposema "lile shimo", Evelio aliinamisha kichwa. Halikuwepo shimo. Vipande viwili vya boliti alivitunza ndani ya kopo la kahawa juu ya beseni lake, na tangu siku ile hakuna chuma kigumu kilichotoka kwake bila kuokwa, akikilinda juu ya jiko la mkaa tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama mwenye mali alikuwa mlangoni akimtukana.

Mvuke wa tindikali ulikuwa umeanza kumla zamani, kwanza pua, akawa hasikii harufu ya kahawa, kisha mapafu, ambayo mwaka 2019 madaktari walisema yamekakamaa na hayatarudi. Tulimsihi aache kazi, hakuacha, na dawa mara zilikuwepo, mara hazikuwepo. Mwezi Mei mwaka huu alianza kuishi kwa mashine ya oksijeni.

Jana, tarehe 12 Septemba 2023, umeme ulikatika saa sita mchana. Mtungi wa akiba uliisha saa nane. Mwenye gari la farasi alikimbilia zahanati kutafuta mwingine, majirani walileta betri ya lori ambayo haikulingana na mashine, na sisi wengine tulimpepea kwa ubao wa kuchezea dominó, maana tungefanya nini? Odalys alikuwa akilia na kutaka abebwe mgongoni hadi barabarani. Baba yake akamwambia, "Tulia, mama. Safari hii tusubiri." Alifariki saa tisa na nusu. Umeme ulirudi saa kumi na dakika ishirini, mashine ikaanza kuvuma yenyewe kando ya kitanda, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuizima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mwenye gari la farasi aliyerudi na mtungi akiwa amechelewa na ambaye hana kosa lolote, majirani, na mafundi wenzake wa karakana.

Evelio, tumeusoma mwaka tisini na nne, na vipande vyote viwili viko mfukoni mwako. Ukimkuta Rolando, mwambie kwamba mjomba wake naye ana kosa, maana alicheka. Pumzika sasa kwa amani, shemeji.